Mtoto "anaendelea vizuri", na nani alimfuata nyumbani kuona?

Mhariri,

Gazeti lenu huwa nalisoma kila wiki, linafika kwa kinyozi jirani yangu hapa Mumias na yeye akimaliza ananipatia. Sasa kuna sentensi moja nimekutana nayo mara nyingi mpaka sai nikiiona nakunja gazeti naweka kando. Inasemanga hivi, mtoto aliyekuwa akiendesha baiskeli aligongwa na gari, alikimbizwa hospitalini na anaendelea vizuri. Nukta. Hapo chini ni habari ya siasa. Naomba nafasi niwaambie hiyo "anaendelea vizuri" ina nini ndani yake, manake kijana wangu wa miaka 11 alikuwa anaendelea vizuri tangu mwezi wa tatu na mimi ndiye nilikuwa naye usiku na mchana.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Miaka 19 nimekaa chini ya mti mmoja hapa mjini nikiziba pancha, nikinyoosha ringi, nikibadilisha spoku na gololi na cheni, na watoto wangu 4 wamekula kwa hiyo kazi. Huku kwetu baiskeli si kitu cha kuchezea, hata jina boda boda lilizaliwa Busia pale mpakani kwa watu waliokuwa wanavusha abiria na baiskeli, pikipiki zilikuja nyuma kabisa zikachukua jina. Maziwa yanapanda karia, kuni zinapanda karia, mgonjwa anapanda karia, nimeona na jeneza likipita kwa karia likiwa limefungwa na mipira ya tubu. Na watoto ndio hivyo, wanaenda shule nayo na wanatumwa nayo.

Kijana wangu alikuwa ametumwa na mama yake. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni hivi, amebeba gorogoro 3 za mahindi akaenda kusaga, sasa alikuwa anarudi na unga kwa karia. Yuko upande wake wa kushoto kabisa, na si kwamba ni mimi nasema kwa sababu ni mtoto wangu, alama zilikuwa pale kwa lami na watu walizionyesha polisi. Trekta ya miwa ilikuwa inakuja kutoka mbele na trela mbili, polepole vile huwa, na Probox iliyokuwa nyuma yake ikachoka kungoja ikatoka kuipita, ikaja moja kwa moja upande wa mtoto. Pembeni hapo lami imekatika kama ngazi, ukitoka unaanguka na ukibaki unagongwa. Ikamshika mguu wa kulia na hendeli. Wale waliofika kwanza waliniambia hawakuona damu, waliona mtoto mweupe mwili wote, unga ulikuwa umemfunika mpaka kwa nyusi.

Waliomsaidia nawashukuru mpaka kesho. Lakini niseme hili kwa sababu linaweza kusaidia mwingine. Walimshika mmoja mikono mwingine miguu wakamkalisha kwa pikipiki katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia, na mfupa wa paja ulikuwa umekatika. Daktari alinieleza baadaye kwamba paja likivunjika damu nyingi inamwagikia ndani kwa ndani usiione, na ukitingisha mguu unaongeza maumivu na unaongeza damu, afadhali mtu alazwe vile alivyo, mguu ufungwe pamoja na ule mzima na leso au kamba laini, ubao ukipatikana uwekwe pembeni, kisha itafutwe pikapu au gari yoyote ambayo atalala. Hawakujua. Hata mimi ningekuwa pale singejua, ningemnyakua nikimbie.

Usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya hospitali peke yake. Ile baiskeli niliitengeneza mimi. Wiki moja kabla nilikuwa nimebadilisha raba za breki, nikakaza waya kwa haraka kwa sababu kulikuwa na wateja wamejaa, na pale wadini nimeketi kwa benchi kitu kimoja tu kinazunguka kwa kichwa, je breki zilishika? Asubuhi nikaenda kituo cha polisi kuandikisha na nikaikuta pale nyuma imelazwa kwa nyasi, ringi ya mbele imejikunja kama namba nane. Sikuuliza mtu ruhusa, nikainama nikafinya breki ya nyuma nikasukuma gurudumu. Lilishika. Nikafinya tena mara sijui ngapi. Afande mmoja mzee alikuwa ananiangalia, hakusema kitu, alinipa kiti tu.

Sasa hospitali. Sitaitaja, nzuri na mbaya zilikuwepo kama kila mahali. Siku 9 alilala mguu umevutwa na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, wenyewe wanaita traksheni, tukingoja thieta, chumba cha upasuaji, halafu wakampitishia vyuma viwili vyembamba vinavyopinda ndani ya mfupa. Daktari alinichorea kwa karatasi vile vinaingia karibu na goti, kimoja kutoka kila upande, na vinakutana juu, nikamwambia hiyo naielewa, ni kama vile tunaweka chuma ndani ya paipu ya fremu iliyokatika kabla hatujachomelea. Alicheka akasema basi wewe ni mwenzetu. Kichwa nacho kilikuwa kimegonga chini, alizimia kidogo pale barabarani, picha ya kichwa haikuonyesha damu ndani lakini walisema ubongo umetikiswa na tutaona mambo kwa wiki kadhaa. Bili, SHA ile bima ya afya ya serikali ilibeba sehemu, kanisa na wateja wangu wakachanga sehemu, ng'ombe mmoja akaenda. Nisikae hapo, kila mtu Kenya anajua hiyo hadithi.

Siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani mimi nilifikiri tumefika. Majirani walikuja wakaimba, kukhu yake, yaani nyanya yake, akachinja kuku, watu wakasema mtoto amepona. Na kama mwandishi wenu angekuja siku hiyo angeandika ukweli mtupu, anaendelea vizuri.

Kesho yake asubuhi akataka kwenda choo.

Mhariri, choo chetu ni cha shimo kama vya watu wengi huku, unachuchumaa. Mtoto mguu haupindi, haruhusiwi kuukanyagia, yuko na magongo mawili na sakafu imelowa. Mama yake alimshika kwapa, mimi nikashika mguu, dada yake amesimama nje na kitambaa analia, na yeye mwenyewe, kijana wa miaka 11 ambaye alikuwa hataki hata mama yake amwone akioga, alifunga macho kabisa mpaka tukamaliza. Hakula siku hiyo wala iliyofuata, na tulidhani ni dawa. Siku ya tatu ndio dada yake akatuambia, hataki kula ndio asiende choo. Nilienda kwa mchomeleaji jirani nikachukua paipu za fremu kuukuu tukatengeneza kiti, tukakata ubao tundu katikati, tukakiweka juu ya shimo. Jioni hiyo alikula ugali mbili. Hakuna mtu hospitalini aliniambia kuhusu choo. Hawakuwa watu wabaya, nafikiri tu vyoo vyao ni vya kukalia na hawajawaza.

Usiku nao ulikuwa na yake. Pikipiki ikipiga honi kule barabarani anaruka kitandani, mguu unapigwa, anapiga kelele. Alianza kukojoa kitandani na alikuwa ameacha akiwa na miaka 4. Mama yake aliniambia usimseme hata kwa utani, akawa anaamka saa tisa usiku anabadilisha shuka kimya kimya kama vile hakuna kitu kimetokea. Kichwa kilimuuma akikaa kwa mwanga, redio ikiwa juu anashika masikio, na hasira ambayo hatukuwahi kuiona, alimrushia dada yake kikombe. Kitu kilichonimaliza mimi ni tebo. Huyu mtoto alikuwa ananisaidia kupiga hesabu za wateja, na sasa unamuuliza 7 mara 8 anakuangalia tu, anajua alikuwa anajua, na machozi yanatoka. Daktari alikuwa ametueleza hii itakuja na itaondoka, tusimsukume, apumzike siku za kwanza kisha arudi kwa vitabu kidogo kidogo. Iliondoka kweli, mwezi wa sita nilikuwa nahesabu pesa akanisahihisha kutoka ndani ya nyumba. Niligeuka ukutani nikalia, sijawahi kumwambia.

Lakini nilichoketi kuandika hasa ni goti.

Mfupa wa mtoto unashika haraka kuliko wa mtu mzima, wiki ya sita eksirei ilionyesha mfupa mpya umeanza kuzunguka pale palipokatika kama vile uchomeleaji unavyofura. Goti ndilo lilikuwa limekakamaa. Limekaa limenyooka muda mrefu, misuli ya paja imeisha imekuwa kama fimbo, na ukijaribu kulipinda analia. Tukaambiwa tumlete kwa fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, Kakamega mara 2 kwa wiki. Sasa fanya hesabu na mimi. Kutoka hapa kwenda Kakamega ni mia mbili, na mtoto mguu umenyooka haukunjiki kwa hivyo kondakta anasema huyo ni viti viwili, ukiongeza changu ni mia sita kwenda na mia sita kurudi. Mara mbili kwa wiki hiyo ni elfu mbili na mia nne, na siku hizo mbili mti wangu hauna fundi. Kuna wiki mimi silazi elfu mbili na mia nne nyumbani.

Pale kwenye benchi ya fizio siku ya kwanza tulikuwa watoto 7, nakumbuka kwa sababu tulizoeana tukawa tunashikiana nafasi. Kuna msichana aliangukiwa na ukuta, kuna kijana wa kutoka upande wa Butere aligongwa na pikipiki akitoka shule, wengine sijui. Wiki ya tatu tulikuwa 4. Wiki ya tano tulikuwa 2. Nilimuuliza yule dada wa fizio wamepona? Akaniambia hapana, wameishiwa nauli. Alisema hivyo akikunja taulo, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Akaniambia atawaona tena baada ya miaka wakiwa wanachechemea na hapo goti likishakauka ni kazi ngumu sana. Hao wote mhariri pengine mliandika wanaendelea vizuri, na haikuwa uongo siku ile mliandika.

Na mimi nilikuwa karibu kuwa wa sita kuondoka, nilimwambia wazi. Yule dada, ambaye Mungu amuongeze miaka, hakunihubiria. Aliniuliza tu unafanya kazi gani? Nikamwambia fundi wa baiskeli. Akaacha taulo. Akaniambia wewe una mashine ambayo mimi sina.

Akanieleza. Mtu akikanyaga pedali goti linapinda na kunyooka bila kubeba uzito wa mwili, hiyo ndiyo dawa yenyewe, mahospitali makubwa yana baiskeli za kusimama mahali pamoja kwa kazi hiyo hiyo. Ila pedali isizunguke mzunguko mzima kama goti halijafika, linahitaji kupinda kupita pembe ya mraba, zaidi ya digrii 100, ndio mguu uvuke kule juu. Kwa hivyo aanze kwa kubembea, pedali inaenda mbele nusu inarudi nyuma nusu, na kiti kiwe juu kabisa kwa sababu kiti kikiwa juu goti linapinda kidogo, halafu kila wiki nishushe kidogo. Nilimwambia dada, urefu wa kiti ndio kazi yangu ya kila siku. Akaniandikia kwa karatasi dakika ngapi na maumivu gani ya kuacha na maumivu gani ya kuvumilia, akasema niwe namleta mara moja kwa wiki mbili aangalie badala ya mara mbili kwa wiki.

Baiskeli yake ilikuwa bado kituoni, ilikuwa ushahidi. Niliipata wiki hiyo hiyo baada ya kwenda mara ya nne. Nikanyoosha fremu, nikaweka ringi nyingine ya mbele, nikatengeneza stendi ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma lisiguse chini, nikatoa cheni kwanza iwe nyepesi, nikaiweka chini ya mti pale pale kazini. Mama yake hakutaka kuiona hiyo baiskeli. Alisema iuzwe, ichomwe, itupwe mto Nzoia, na hata kukhu alikuwa upande wake. Sikubishana. Nilimwambia mama watoto haiendi popote hii, imefungwa chini, haina hata cheni, na mguu wa mtoto unataka hiki kitu. Alikaa siku mbili bila kunijibu, siku ya tatu akaleta mto akaufunga juu ya kiti.

Siku ya kwanza pedali ilienda nusu ya nusu. Jasho lilimtoka kama anayelima. Kesho yake vile vile. Wateja walikuwa wanasimama, mwanzoni wanamhurumia naye anainamisha kichwa, halafu mzee mmoja wa kuuza sukari nguru akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na watu wakaitikia, basi ikawa ni desturi ya saa nne asubuhi, watu wa boda wanaegesha wanahesabu. Tulichora alama na chaki kwa mti ya mahali kiti kiko, nikishusha kidole kimoja anaona. Wiki ya nne, mwezi wa sita, ilikuwa Jumanne, pedali ikafika kule juu ikasimama kama ilivyokuwa inasimama siku zote, akauma meno, na ikavuka. Ikazunguka yote. Hata yeye hakuamini akasema baba umeisukuma, nikamwambia mikono yangu ina grisi hii hapa, nimeshika hapi ya gurudumu la mteja. Akaizungusha tena.

Yule dada wa fizio alimwambia siku moja kuhusu Chris Froome, yule mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi akafundishwa baiskeli na David Kinjah kule mji wa Kikuyu na akashinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, mara 4, kwamba mwezi wa sita 2019 alianguka Ufaransa akavunjika paja la kulia na kiwiko na mbavu, na mwezi wa pili mwaka uliofuata alikuwa amerudi kwa mashindano. Hakumficha, alimwambia hakushinda Tour nyingine tena. Kijana akauliza swali moja tu, aliota pia? Yaani ndoto mbaya. Dada akasema hilo sijui lakini naamini aliota. Tangu siku hiyo aliacha kuficha shuka.

Barabara ilikuwa kazi nyingine. Mtoto alikuwa anaweza kutembea na gongo moja lakini akiona lami anaganda, na shule iko ng'ambo. Dada yake, wa miaka 14, ndiye aliyeitatua hiyo na hakuna aliyemfundisha. Jioni wanaenda wanasimama mbali, kwa mwembe, wanahesabu magari 20 wanarudi. Kesho wanasogea hatua chache. Kama gari moja lilimtisha hawasogei, wanabaki pale pale siku mbili tatu. Ilichukua karibu mwezi mzima kuvuka. Shuleni mwalimu wake wa darasa alimruhusu nusu siku mwanzoni, akamweka kiti karibu na mlango, na watoto walipoanza kumwita Chuma aliwakalisha akawachorea ubaoni vile vyuma vimekaa ndani ya mguu, na kidogo kidogo likawa jina la heshima. Mwakani ana mtihani wa KPSEA, ule wa gredi ya sita, naona atauweza.

Dereva, nimseme kwa ufupi. Siku ile alikuja hospitalini, alilia, aliacha elfu tatu akasema nitasimama na nyinyi. Baada ya wiki moja kila nikipiga ni mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Kutafuta abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha ajali imeandikishwa, nilienda mara 6, P3 ile fomu ya polisi ya majeraha ijazwe na daktari nayo safari zake. Sheria yetu inataka kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu na hiyo bima ndiyo ya watu kama kijana wangu, lakini kama huna namba ya gari na picha ya ile stika ya kioo siku hiyo hiyo, utahangaika. Kijana mmoja wa boda alipiga picha kwa simu bila kuambiwa na mtu. Bila yeye singekuwa na kesi. Sitasema zaidi kwa sababu bado iko kwa wakili.

Sasa maombi yangu. Kwenu ni kwamba mkiandika mtoto ameumia barabarani, andikeni tarehe kwa daftari lenu na baada ya miezi 3 mumtume mtu aende nyumbani kwake. Aulize goti linapinda? Anaenda choo namna gani? Nauli inatoka wapi? WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ajali za barabarani ndizo zinaua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote duniani, na hao ni waliokufa tu. Hawa wanaobaki na mguu mfupi na vitabu vilivyoachwa njiani hawapo kwa hesabu hiyo, na gazeti ndilo lingewaonyesha.

Kwa serikali ya kaunti, naomba fizio awe anatoka Kakamega na kuja huku hata siku moja kwa wiki, akae kwa zahanati yoyote, hata kwa darasa, watoto wote wa upande huu waende kwake kwa miguu ya wazazi wao. Kumlipia mtu mmoja nauli kuja ni nafuu kuliko watu 7 kwenda na kushindwa. Na ule ukingo wa lami uliokatika ujazwe. Nilienda Kisumu nikaona wametengeneza njia za watembea miguu na za baiskeli katikati ya mji, zimepakwa rangi, watoto wanapita, nikasimama nikaangalia kwa muda mrefu. Sisi huku ndio wenye baiskeli. Na sheria ya kilomita 50 kwa saa kwenye masoko na miji ipo tangu zamani, WHO wanasema pale watoto na magari yanachanganyika hata hiyo ni kali, iwe 30, lakini mimi ningeanza na hiyo 50 ifuatwe tu.

Kwa wafanyabiashara, leteni helmeti za watoto za baiskeli. Nimezunguka maduka yote hapa nikapata za pikipiki za watu wazima tu, zinamzunguka mtoto kichwani kama sufuria, hiyo haimsaidii. Nimeagiza moja kupitia kwa rafiki aliye Nairobi, na sai mteja akileta baiskeli ya mtoto namwambia habari ya helmeti kabla sijamwambia habari ya breki. Wengine wanakasirika wanaona nataka kuwauzia. Siuzi.

Kijana sasa anatembea bila gongo. Daktari alimlaza akampima miguu yote miwili na futi, kwa sababu paja la mtoto likivunjika linaweza kukua kwa kasi kupita lile zima, akasema tofauti ni ndogo sana tuendelee kuangalia. Anaendesha, ndani ya uwanja wa shule tu kwa sasa, mama yake akiwa amesimama kwa lango. Mwezi wa kwanza anarudi thieta kutolewa vile vyuma, na hiyo pia hakuna aliyetuambia mapema kwamba kutakuwa na operesheni ya pili na bili ya pili, tulijua mwezi wa nane. Yeye anataka apewe vyuma vyake aende navyo nyumbani. Nimemwambia tutamuuliza daktari.

Ile stendi bado iko chini ya mti. Kuna mama alisikia akamleta msichana wake, ni yule wa ukuta, tulimpigia dada wa fizio simu akamwelekeza, na sai anabembea kila asubuhi, goti lake ni gumu kuliko lilivyokuwa la kwetu kwa sababu amechelewa lakini wiki iliyopita tumeshusha kiti kidole kimoja. Mzazi yeyote upande wa Mumias, Matungu au Butere ambaye mtoto wake ameambiwa na fizio akanyage pedali na hana pa kukanyagia, aulize fundi aliye karibu na kinyozi, aje na karatasi ya fizio na mto wa kukalia. Silipishi. Nafungua saa moja asubuhi, na wa kuhesabu wapo kuanzia saa nne.

Wako,
Fundi wa baiskeli,
Mumias